Michoro ya Mausi Pale Chake

Ingia stationeri yoyote ya Chake Chake, Pemba, siku ambayo shule zinafungua ndio uone kazi ya mikono. Chali wa kaunta ameshika cheti cha kuzaliwa na mkono wa kushoto, anakibandika kwa mashine ya fotokopi, anarudisha chenji, anapokea fomu nyingine, na mkono wa kulia haujatoka kwa mausi. Kwa benchi kuna mama anataka picha za pasipoti za mtoto. Kuna dem anangoja fomu ya mkopo wa chuo iprintiwe. Kuna mzee amerudisha barua ya sheha, jina limechapwa vibaya. Kutoka nyuma bibi anaita, "Mwanangu, fanya hima, gari ya Konde itaniacha." Chali anajibu, "Shikamoo bibi, wewe ndo unafuata," na mausi inapanda tena hadi kona ya juu kutafuta Faili, inashuka kutafuta Printi, inakimbia kutafuta Sawa.

Hiyo safari ya mausi ndio imenileta. Mi ni mtu wa Mombasa, na Wapemba kwetu si wageni, wamejaa Kwale na Kilifi na mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi. Kwa hivyo nikibonga Sheng nikiwa kwa kisiwa chao, mnivumilie.

Form ya michoro ya mausi iko hivi. Unashika kitufe cha kulia cha mausi, hukiachi, unaburuta uchore alama, kisha unaachia. Mstari wa kwenda kushoto unakurudisha ukurasa uliotoka. Herufi S inasevu kazi. Herufi P inaleta dirisha la kuprinti. Programu ya michoro haijali umeanzia kona gani ya skrini, inasoma tu vile mkono umepita, na speed inatoka hapo. Menyu inakudai ufike mahali padogo kama punje ndio ubonyeze, lakini mchoro unaufanyia pale pale mausi ilipo, hata macho yako yakiwa kwa mteja.

Najua kuna mjuaji ataniambia, buda, si kuna Ctrl+P? Iko, na mtu wa ofisini mwenye mikono miwili ya bure aitumie tu. Lakini msee wa stationeri ana mkono mmoja. Ule mwingine ni wa karatasi na pesa. Ctrl ya kushoto na P zimekaa mbali kama Mkoani na Konde, na ile Ctrl ya kulia, kwa kibodi nyingi za huku kitaa, ilishazama zamani. Njia za mkato za kibodi zilitengenezewa mtu aliyekaa akitulia. Michoro ya mausi ni ya mtu aliyesimama na foleni mbele yake.

Hii kitu si mpya, na ina undugu wa ajabu na Pemba. Brauza ya Opera, kampuni ya Oslo, iliingiza michoro ya mausi kwa toleo lake la 5.10, mwaka 2001. Ni Opera hiyo hiyo ya Opera Mini, ile tulikuwa tunaingilia mtandao kwa simu za mabatani na bando la kuhesabu. Mmoja wa waanzilishi wake, Jon von Tetzchner, baadaye aliondoka akaanzisha brauza nyingine inaitwa Vivaldi, toleo la kwanza kamili likatoka 2016, na michoro akahama nayo. Sasa cheki upande wa pili. Pemba ilikuwa inawashwa na majenereta ya dizeli ya Wesha hadi 2010, mwaka ambao waya wa chini ya bahari ulivutwa kutoka Tanga, na sehemu kubwa ya pesa ilitoka Norwei. Kwa hivyo msee akinunua umeme wake wa tukuza, akawasha kompyuta, akachora mstari ndani ya brauza, ujue Wanorwei wamemshika mkono mara mbili.

Turudi kaunta, kwa sababu mchele uko kwa picha za pasipoti. Hiyo job ni ile ile kutoka asubuhi hadi magharibi. Fungua picha, kata, weka mpaka, zipange nane kwa karatasi moja, printi. Ndani ya Photoshop kuna sehemu inaitwa Actions. Unabonyeza kitufe cha kurekodi, unafanya hatua zako mara moja polepole, unasimamisha, na kuanzia hapo Photoshop inazirudia yenyewe. Kukata sura usirekodi, maana kila kichwa kimekaa pake na mtoto wa miaka miwili hatulii. Rekodi kuanzia mpaka mweupe hadi karatasi iliyopangika, halafu uipe hiyo rekodi kitufe, tuseme F11.

Sasa unaleta programu ya michoro. Kwa Windows mi napendekeza StrokesPlus.net, ni nyepesi na unaitumia bure. Brauza kama Vivaldi ina michoro lakini inaishia ndani ya brauza, hii inafanya kazi kompyuta nzima. Unaifungua, unaiambia unataka mchoro mpya, unachora mraba, unaupa jina. Kisha unaunda kitendo, kwamba mraba ukichorwa itume F11, na unakifunga kwa Photoshop peke yake. Hapo kwa kufunga ndio watu wengi hulala. Mraba ukiuacha uwe wa kila mahali, utauchora kwa bahati mbaya ndani ya Word, na huko F11 ina mambo yake mengine. Lakini S ya kusevu iache iwe ya mashine yote, kwa sababu karibu kila programu inaelewa Ctrl+S. Kompyuta ya mezani bila UPS, umeme ukikatika katikati ya kadi ya harusi yenye majina ya kamati nzima, hakuna wa kumlilia. Chora S kila ukimaliza mstari. Mkono ukishazoea hata hutajua umeichora.

Kuna mahali hii michoro inazingua, na lazima tusemezane ukweli. CorelDRAW inatumia kitufe cha kulia kwa kazi yake. Ukiburuta kitu na kitufe hicho inakuuliza uhamishe ama unakili, na ukikibonyeza juu ya rangi unabadilisha rangi ya ukingo. Photoshop nayo, ukishika Alt na kitufe cha kulia ukaburuta, brashi inakua ama inapungua. Programu ya michoro ikikaa katikati, mtu wa kutengeneza mabango atamaindi na atakuwa na haki. Dawa ni mbili. Ama unahamisha uchoraji kwa kitufe cha kati, kile cha gurudumu, ama unaiweka CorelDRAW kwa orodha ya programu za kupuuzwa. Na ukianza kuchora halafu ukaghairi, tulia tu bila kusogeza mausi, mchoro unafutika wenyewe.

Halafu kuna ugonjwa wa tamaa. Msee akionja utamu anaweka michoro hadi ya kufungua kikokotozi. Wiki ikiisha hakumbuki hata nusu, na S yake kompyuta inaisoma kama 5, C yake inasomwa kama O. Chukua michache, na iwe haifanani hata kidogo. Mistari iliyonyooka ni salama kuliko herufi za maringo. Kitu cha kufuta, iwe faili ama folda, usikipe mchoro kabisa. Mkono unateleza, na mteja hatakubali stori ya mkono kuteleza.

Kama mashine ni ya bosi na jioni inashikwa na mtu mwingine, mwambie. Chora alama zako kwa kikaratasi, andika kila moja inafanya nini, ipitishe kwa mashine ya laminesheni, si iko hapo hapo, kisha ibandike chini ya skrini. La sivyo dada wa zamu ya jioni atabonyeza kitufe cha kulia, ataona mstari wa rangi unamfuata, na atasema kompyuta ina virusi.

Siku ya matokeo ya kidato cha nne ni ya brauza tu. Kila mzazi ana namba ya mtihani kwa kikaratasi, na Tanzania nzima iko kwa ukurasa mmoja. Ndani ya Vivaldi, mstari wa kushuka unafungua ukurasa mpya, wa kupanda kisha kushuka unaupakia tena, wa kushuka kisha kwenda kulia unaufunga. Huo wa kupanda na kushuka ndio utauchora hadi kifundo kiume. Kama unatumia laptopu bila mausi, washa kwa mipangilio ile ya kuchora huku umeshika Alt, padi inatosha.

Mausi unayo na programu ni ya bure. Leo ukifungua kaunta, angalia ni kitu gani mkono wako unarudia kuliko vyote, kipe mchoro mmoja, na ukitumie hicho tu hadi wiki iishe. Ule wa pili usubiri.