Wanafunzi Waliokesha Ili Tuujue Usingizi

Mwishoni mwa mwaka 1951, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky, alimlaza mwanawe wa miaka minane katika maabara, akambandika nyaya kichwani na kandokando ya macho, kisha akakaa chumba cha pili kukesha. Mashine aliyoitumia ilikuwa kuukuu, ameikuta imetelekezwa chuoni. Usiku ulipoendelea kalamu zake zikaanza kurukaruka, kana kwamba mtoto ameamka na anaangaza huku na huku. Baba alipokwenda kumtazama, alimkuta amelala fofofo.

Aserinsky alishuku mashine ni mbovu. Akaikagua, akawalaza na watu wazima, akapata jambo lilelile: mara kadhaa kila usiku macho ya mtu aliyelala huenda mbio chini ya kope, na pumzi na mapigo ya moyo navyo hubadilika. Ukimwamsha wakati huo, mara nyingi anayo ndoto ya kukusimulia. Mwaka 1953 yeye na msimamizi wake, Nathaniel Kleitman, walitangaza ugunduzi huo katika jarida la Science. Hadi hapo wataalamu wengi waliamini kwamba anayelala ubongo wake umezima tu.

Kleitman alikuwa na desturi ya kufanya kazi na wanafunzi. Mwaka 1938 aliingia na mwanafunzi wake, Bruce Richardson, katika pango la Mammoth huko Kentucky, wakaishi humo siku 32 bila kuona jua, wakijaribu kuishi siku ya saa 28. Mwili wa kijana ulikubali ratiba hiyo. Wa mwalimu, aliyekuwa na miaka 43, ulikataa katakata.

Hata habari za msongo zilianza na jicho la mwanafunzi. Miaka ya 1920 Hans Selye, akisomea udaktari mjini Prague, aliona wagonjwa wa maradhi mbalimbali wanavyofanana: hawana hamu ya chakula, wamekonda, nguvu zimewaishia. Walimu wake walifundisha dalili zinazotenganisha ugonjwa huu na ule. Yeye akabaki akijiuliza kuhusu zile zinazofanana. Mwaka 1936, akiwa Montreal, aliandika katika jarida la Nature kwamba mwili ukishambuliwa kwa namna yoyote ile, hujibu kwa utaratibu mmoja.

Usingizi na msongo hukutana kwenye moyo. Mtu akizama usingizini, mishipa ya damu hulegea na presha hushuka, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 20 chini ya ile ya mchana. Hayo ndiyo mapumziko ya moyo. Msongo hufanya kinyume: adrenalini hupanda, mishipa hukaza, mapigo huongezeka. Kwa dakika chache za hatari, hilo hutuokoa. Lakini ada isiyolipwa na hofu ya kazi vikipanda nasi kitandani kila usiku, moyo hunyimwa likizo yake. Mtu ambaye presha yake haishuki usiku yumo katika hatari kubwa zaidi ya kiharusi, hata kama kipimo cha mchana zahanati kinampa moyo. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kiliuongeza usingizi katika orodha yake ya nguzo za afya ya moyo, na kuwashauri watu wazima walale saa saba hadi tisa.

Utafiti wa vijana unahitaji pia wa kuwalinda. Desemba 1963, Randy Gardner, kijana wa miaka 17 wa San Diego, pamoja na wenzake wawili walitafuta mradi wa maonyesho ya sayansi ya shule. Randy alikaa macho saa 264, siku 11 kamili. William Dement, ambaye naye alipokuwa mwanafunzi wa udaktari alifanya kazi katika maabara ya Kleitman, alikwenda kumwangalia. Kijana alikuwa mkali, akisahau, akiona visivyokuwepo. Uzeeni alisimulia jinsi kukosa usingizi kulivyomtesa miaka mingi. Jaribio hilo asilirudie mwanafunzi yeyote.

Nchini kwetu kuna mfano bora zaidi. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, aliyekuwa akisomea uzamivu New Mexico, pamoja na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha Wahadza wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wasiotegemea umeme. Waliwavisha vifaa vya mkononi vinavyorekodi usingizi. Ikaonekana hawalali jua likizama. Hukaa macho kwa saa tatu na zaidi, kisha hulala kwa wastani wa saa 5.7 hadi 7.1, na usingizi wao hufuatana na kushuka kwa joto la usiku. Malalamiko ya kukosa usingizi yalikuwa machache mno. Tafiti nyingine zimeona kuwa presha ya kupanda ni nadra kwa Wahadza, watu wanaotembea sana kila siku. Hilo halituruhusu kusema saa sita zamtosha kila mtu. Linatufundisha kuuliza pia kuhusu joto, utulivu na mwendo wa mchana.

Maswali hayo yanawangoja wanafunzi wetu. Presha ya mlinzi wa usiku hushuka anapolala mchana, chini ya bati, watoto wakicheza nje? Muuguzi anayebadilishwa zamu kila wiki, moyo wake unaendaje? Dereva wa bodaboda anayelala kwa saa nne tu? Na mwanafunzi mwenyewe, bumu limechelewa, anapiga msuli hadi alfajiri kwa hofu ya kudisko, presha yake ni ngapi wiki ya mitihani? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya kupanda hawajui kama wanayo.

Vifaa vya kuanzia si vya ajabu: daftari la usingizi, mashine ya presha inayovaliwa saa 24, kibali cha maadili, na msimamizi asiyemcheka kijana anayedai ameona jambo geni. Vyuo vyetu vitenge fedha, hata kidogo, kwa tafiti za namna hii, na wasimamizi waache kugawa mada zilizokwisha kujibiwa mara mia. Usiku wa Manzese hautaelezwa na vipimo vya Chicago. Utaelezwa na vijana wanaoishi humo, tukiwaamini na kuwapa nyenzo wakiwa bado wanafunzi.