Kabureta ya pikipiki kongwe ya mipigo miwili: nunua kwa vipimo, si kwa macho

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi ili samaki wazaliane. Nchelenge na Kashikishi, kwenye ukingo wa Ziwa Mweru, mitumbwi na boti hupandishwa nchi kavu, na pikipiki nyingi zinazobeba samaki wakavu kutoka mialoni nazo hupumzika. Ni miezi ya mvua na unyevu. Petroli iliyobaki ndani ya kabureta hukauka polepole na kuacha utando wa kahawia unaonata. Oili, kama ilichanganywa nayo tangini, haikauki. Hutulia chini ya bakuli na kuziba vitundu vyembamba vya ndani. Machi ikifika, pikipiki inapigwa kiki mpaka mguu unauma, au inawaka kwa choki tu na kuzimika choki ikifungwa. Hapo ndipo mwenye pikipiki hutoa pesa na kuagiza kabureta mpya.

Mara nyingi uamuzi huo ni wa haraka mno. Na kwa pikipiki ya mipigo miwili, kabureta isiyofaa inaweza kuua injini iliyokuwa nzima kabisa.

Ninazozungumzia ni mashine kama Yamaha AG100 na Suzuki TF125, pikipiki za shamba ambazo wizara, misheni na mashirika ya misaada yalizinunua kwa ajili ya mabwana shamba na wahudumu wa afya. Zikichakaa huuzwa kwa watu binafsi, nao huzitumia miaka mingine mingi. Zinastahili heshima hiyo. Injini yake haina vali za juu, haina mnyororo wa ndani, na fundi mwenye spana chache anaweza kuifungua na kuifunga mchana mmoja. Shida ni kwamba soko limehama. Siku hizi barabarani kumejaa pikipiki za Kichina na Kihindi za mipigo minne, na kila kibanda cha vipuri kina kabureta zake, zile zilizoandikwa PZ26 au PZ27. Ni rahisi, zinang'aa, zipo karibu. Ya AG100 inabidi iagizwe Lusaka au Lubumbashi, au isubiriwe ije kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma na Nakonde. Mwenye haraka huchukua iliyopo, fundi huikwangua kwa tupa mpaka ikae, injini inawaka, na wote wawili wanafurahi kwa wiki mbili.

Kinachotokea baada ya hapo kina sababu zake. Injini ya mipigo miwili huchoma mafuta kila krenki inapozunguka mara moja, wakati ya mipigo minne huchoma mara moja kwa kila mizunguko miwili. Joto lake ni kali, na injini inapozwa kwa hewa tu. Tena, mchanganyiko wa petroli na hewa hupita kwanza ndani ya nyumba ya krenki kabla ya kupanda kwenye silinda, kwa hiyo petroli yenyewe inasaidia kupoza pistoni na beringi. Kabureta ikitoa petroli pungufu, joto linapanda. Na kama oili imechanganywa kwenye tangi, oili nayo inapungua kwa kipimo kilekile. Pistoni ya alumini hutanuka haraka kuliko silinda, inakwaruza upande wa ekzosi, kisha inajamu. Mbaya zaidi, muda mfupi kabla ya kujamu, injini iliyopungukiwa na petroli huonekana nyepesi na yenye nguvu. Dereva anadhani kabureta mpya ni dawa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, hakikisha mgonjwa ni kabureta. Ifungue, iloweke kwenye petroli safi usiku kucha, kisha puliza kila tundu kwa hewa ya pampu. Jeti, yaani kile kipande chenye tundu linalopima petroli, ikiziba isichokolewe kwa sindano ya kushonea wala waya wa chuma, kwa sababu chuma kinapanua tundu na namba iliyoandikwa juu yake haina maana tena. Tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Ukiirudisha na injini bado inapandisha mlio yenyewe bila kuvutwa mafuta, chunguza kama kuna hewa inayoingia mahali pengine. Mpira unaounganisha kabureta na silinda huchanika upande wa chini usikoonekana. Upake maji ya sabuni injini ikiwa inanguruma, na mlio ukibadilika umepata jibu. Oili sili za krenki nazo huzeeka. Ile ya upande wa sumaku ikichoka, injini inavuta hewa. Ile ya upande wa klachi ikichoka, injini inavuta oili ya gia, inatoa moshi mzito mweupe, na gia zinakauka bila tone moja kuonekana chini. Kabureta mpya haitibu lolote kati ya hayo.

Kabureta iliyokwisha kweli ina dalili zake. Toa slaidi, kile kizibo kinachopanda na kushuka unapovuta aksereta, uirudishe ndani ya koo na uitikise kwa vidole. Ikicheza na kugonga, na ukiona kwenye mwili wa kabureta sehemu iliyolika ikang'aa, hewa inapita pembeni na hakuna skurubu itakayoirekebisha. Tazama pia sindano inayoning'inia kwenye slaidi: ikiwa na mstari uliolika upande mmoja, tundu inamopita limekuwa la mviringo mrefu. Hapo nunua, na nunua kwa vipimo.

Chukua kalipa. Pima kipenyo cha koo. Kwa kabureta za Mikuni za familia ya VM, namba ya jina ndiyo kipenyo chake cha kawaida kwa milimita, kwa hiyo VM20 ni ya milimita 20 na VM24 ni ya 24. Pima kipenyo cha nje cha shingo inayoingia kwenye mpira, au kama inafungwa kwa bolti, umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi jingine. Pima mdomo wa upande wa chujio la hewa. Angalia kama kuna nafasi ya kutosha kati ya bakuli na mwili wa injini. Yote haya mafundi wanayajua, ingawa mara nyingi wanaishia kwenye shingo tu. Kishawishi kingine ni kuchukua kubwa kidogo, eti kuongeza nguvu. Koo pana linapunguza mwendo wa hewa injini ikizunguka taratibu, na anayebeba magunia ya chisense, dagaa wa hapa, kwenye mchanga anahitaji nguvu ya chini, si ya juu. Rudia kipenyo kilekile alichokiweka mtengenezaji.

Baada ya umbo la nje, fungua bakuli utazame ndani. Kwenye kabureta ya mipigo minne, mrija unaopokea sindano mara nyingi umetobolewa matundu madogo mengi ubavuni, ili hewa ichanganyike na petroli kabla haijatoka. Kwenye kabureta nyingi za Mikuni za mipigo miwili, mrija huo hauna matundu hayo, na ncha yake ya juu ina ukuta mdogo wa nusu duara unaochomoza kooni, ukielekea chujio la hewa. Ukuta huo ndio unaosaidia kuvuta petroli kwa namna inayofaa mivuto ya injini ya mipigo miwili. Huwezi kuondoa tofauti hiyo kwa kubadili jeti kuu peke yake, maana jeti kuu inatawala pale tu aksereta inapokuwa zaidi ya robo tatu. Kati ya robo na robo tatu, mahali dereva wa kawaida anapotumia muda wake mwingi, kinachotawala ni sindano na mrija wake.

Skurubu ya kurekebisha mchanganyiko nayo inadanganya. Kwenye kabureta nyingi za mipigo miwili ipo upande wa chujio na inaruhusu hewa: ukiifungua, unapunguza petroli. Kwenye PZ nyingi ipo upande wa injini na inaruhusu mchanganyiko wenye mafuta: ukiifungua, unaongeza petroli. Fundi aliyezoea mipigo minne ataifungua akidhani anainusuru pistoni, kumbe anaikausha. Namba za jeti pia hazilingani kati ya kampuni na kampuni. Jeti kuu ya Mikuni yenye kichwa cha pembe sita hupewa namba kwa kiasi cha mafuta kinachopita, ya Keihin kwa upana wa tundu. 110 ya huyu si 110 ya yule. Jeti halisi ya Mikuni ina alama ndogo ya mraba ndani ya mraba. Ikikosekana, iamini kidogo.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni pampu ya oili. AG100 na TF125 zina tangi dogo la oili na pampu inayoipeleka kwenye injini. Kebo ya aksereta inagawanyika mara mbili, moja kwenda kwenye kabureta na nyingine kwenye pampu, ili ukivuta petroli zaidi oili nayo iongezeke. Slaidi ya koo la milimita 24 inahitaji kupanda juu zaidi kuliko ya milimita 20, kwa hiyo kabureta ya ukubwa mwingine inavuruga uwiano huo hata kama injini inanguruma vizuri. Kwenye gurudumu dogo la pampu kuna alama inayotakiwa kulingana na kipini aksereta ikiwa katika nafasi iliyotajwa na kitabu cha pikipiki. Fungua kifuniko, vuta aksereta polepole, tazama alama hiyo kwa macho yako, na urekebishe kebo mpaka ilingane. Kazi ya dakika kumi. Usiiruke.

Wengine pampu zao zilishafungwa zamani na wanachanganya oili kwenye tangi. Inakubalika, mradi kipimo kiheshimiwe. Kwa injini kuukuu inayobeba mzigo, moja kwa 25 ni kipimo cha busara: mililita 200 za oili kwa lita 5 za petroli. Kumbuka kwamba sasa jeti inapitisha petroli na oili pamoja, hivyo petroli halisi imepungua kidogo, na jeti kuu huenda ikahitaji kupanda namba moja. Na hapa ukingoni kuna mtego wake: petroli iliyokwisha kuchanganywa kwa ajili ya mashine za boti. Mashine nyingi za boti huchanganyiwa moja kwa 50, nazo hupozwa kwa maji ya ziwa. Oili yake, yenye alama ya TC-W3, imetengenezwa kwa joto hilo la chini. Kwa pikipiki inayopozwa na hewa tafuta chupa yenye alama ya JASO FB au FC. Kuazima dumu la mvuvi ni kuazima matatizo.

Watu huuliza pia kuhusu mwinuko. Ziwa Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa. Pikipiki iliyopangwa pwani itakuwa na petroli ya ziada kidogo ikifika hapa. Kama jeti kuu ilikuwa 140, ingetosha 135. Lakini ziada hiyo haiui injini, na mimi ningeiacha ilivyo. Hatari ni kinyume chake, yaani pikipiki iliyopunguziwa jeti Nairobi au Mbeya ikashushwa hadi Nchelenge. Kati ya Kawambwa juu ya uwanda na Mbereshi bondeni tofauti ni ndogo, haihitaji kubadili jeti, ila mteremko wenyewe una jambo lake: anayechanganya oili kwenye tangi akishuka muda mrefu huku aksereta imefungwa, injini inazunguka kwa kasi bila oili ya kutosha. Avute aksereta kidogo kila baada ya muda.

Kabureta mpya ikishafungwa, anza na petroli nyingi kisha upunguze. Weka jeti kuu namba mbili juu ya ile ya zamani, na klipu ya sindano kwenye mfereji wa katikati au chini yake. Fanya jaribio asubuhi, na kama unaweza, katika baridi ya Juni au Julai, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito na ndiyo inayofichua upungufu wa petroli. Weka plagi mpya. Injini ikishapata joto, endesha aksereta ikiwa wazi kabisa kwa takriban kilomita moja kwenye barabara tupu, bana klachi, zima injini papo hapo, kisha uifungue plagi. Kauri yake ikiwa ya kahawia, umefika. Ikiwa nyeusi na imelowa, shusha namba moja. Ikiwa nyeupe kama chokaa, pandisha mara moja na usiendelee na safari. Ukiona juu yake vidoa vidogo vya rangi ya fedha, hiyo ni alumini ya pistoni yako. Fungua silinda kabla ya jambo lingine lolote.

Na ukishapata mpangilio unaokubali, andika namba ya jeti kuu, ya jeti ndogo, nafasi ya klipu na mizunguko ya skurubu kwa rangi ndani ya kifuniko cha pembeni. Msimu ujao wa kufunga uvuvi, funga bomba la tangi, acha injini ingurume mpaka izimike kwa kukosa petroli, na ufungue nati ya bakuli ili kilichobaki kimwagike.