Uzi: Wakisema "vyuo vishirikiane na viwanda", uliza nani analipa

Kila msimu wa siasa lazima mtu asimame aseme vyuo vishirikiane na viwanda. Watu wanapiga makofi, imeisha hiyo. Mimi nasoma sayansi ya siasa, kuyeyusha chuma sijui, lakini hii ni hoja ya pesa na madaraka. Tuchukue chuma pekee.

Viwanda vyetu vya nondo hutegemea sana vyuma chakavu. Mnakumbuka Januari 2022 serikali iliposimamisha biashara ya skrapu kwa sababu ya uharibifu wa nguzo za stima? Mjadala wote ulikuwa wa wizi. Ndani ya hiyo skrapu kuna nini, hatukuuliza. Mota na nyaya huja na shaba. Ikishayeyuka pamoja na chuma, kuitoa ni kazi ngumu sana, na ikizidi, chuma hupasuka juu juu kinapopitishwa kwa mashine kikiwa moto. Hilo ni swali la maabara. Kiwanda kina tanuri, chuo kina wahadhiri na wanafunzi. Sasa nani atoe pesa za kulijibu?

Ulaya waliweka sheria. Chini ya Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma, iliyotokana na mkataba wa 1951, kampuni zilitozwa ushuru kulingana na zinachozalisha. Mkataba ulipoisha 2002, pesa zilizobaki hazikugawanywa. Ziliwekwa kwa mfuko, mapato yake yakawa ya utafiti: asilimia 72.8 kwa chuma, zilizobaki kwa makaa. Vyuo na kampuni huomba pamoja.

Kwetu, sheria ya sayansi ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti. Hatujafika hapo. Waajiri nao hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, lakini hiyo ni ya mafunzo, si ya maabara. Wanaopinga ushuru mwingine wana hoja, lazima niseme: kampuni itausukuma kwa bei ya nondo, na anayejenga ndiye atalipa.

Rafiki yangu wa uhandisi alimaliza atachi yake kwa kiwanda fulani akihesabu mafungu ya nondo yakipakiwa kwa lori. Tanuri aliliona kwa mbali. Ripoti yake ilisomwa na mhadhiri, ikapata alama nzuri, na kiwanda hakikuiomba.

Halafu kuna jambo hawaligusi kabisa jukwaani. Kampuni ikilipia utafiti na matokeo yaonyeshe nondo zake zina kasoro, nani ana haki ya kuyachapisha? Mimi nalala ghorofa ya tano, jamani. Nataka kujua.

Kwa hivyo mgombea akirudia hiyo hoja mtaani kwenu, muulize pesa zinatoka wapi na ripoti ni ya nani. Akijibu kwamba tayari wametia saini makubaliano, omba kuona ukurasa wenye pesa.