PUNDA ANAPOGUTUKA NJIANI: TUFANYE NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika tambarare za Same mvua ni haba, kwa sababu milima ya Upare hukinga upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi. Hapo punda ndiye mbeba maji, kuni na mahindi wa familia nyingi, na mara nyingi anayemwongoza ni mtoto. Punda akigutuka barabarani mtoto anaweza kuburutwa, na maji ya nyumba nzima yakamwagika.

Wahenga walisema punda haendi bila kigongo. Methali hiyo inamsema mtu mvivu. Tusiifanye kanuni ya kumwongoza mnyama aliyeogopa.

KWA NINI HUGUTUKA?

Macho ya punda yako pembeni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji la uso. Kwa hiyo pikipiki inayotoka nyuma huisikia kabla ya kuiona.

Farasi akiogopa hukimbia. Punda, ambaye asili yake ni punda-mwitu wa nchi kavu za Afrika, mara nyingi husimama kwanza achunguze. Sisi tunaita ubishi. Akichapwa wakati huo, hujifunza kuwa kile alichokiogopa kweli kina maumivu, na kesho ataruka kabla hajakifikia.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Usizungushe kamba mkononi wala kiunoni. Hili ndilo la kwanza. Ikunje na uishike kiganjani, ili akikimbia uweze kuiachia. Punda hutafutwa akapatikana; mkono uliovunjika ni msiba.

2. Simama ubavuni, usawa wa bega lake. Ukiwa mbele atakukanyaga, ukiwa nyuma utapata teke.

3. Sema naye taratibu na umwache atazame. Akiteremsha kichwa, vuta kamba kidogo. Akipiga hatua moja tu, ilegeze papo hapo. Huko kulegeza ndiko shukrani anayoielewa.

4. Akianza kukimbia usivutane naye moja kwa moja, ana nguvu kukushinda. Mgeuze kichwa upande mmoja azunguke hadi apunguze mwendo. Katika njia za mlimani mgeuze kuelekea mlimani, kamwe si bondeni. Ukishindwa, achia.

5. Kagua mzigo. Dumu linalogonga mbavu au kamba inayochubua humfanya aruke bila sababu ya nje. Kwenye mteremko mzigo huteleza kuja shingoni, hivyo uzuiwe kwa kamba pana, laini, inayopita chini ya mkia. Kiasi cha wastani ni kama theluthi ya uzito wake: punda wa kilo 150 abebe kilo 50. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, amezidishiwa.

6. Mzoeshe mapema. Mpitishe karibu na pikipiki iliyozimwa, siku nyingine iliyowashwa kwa mbali, kisha karibu zaidi. Aende pamoja na punda mzoefu, kwani hutulia akimwona mwenzake ametulia.

DINI YETU INASEMAJE?

Amepokea Imam Muslim kuwa Bi Aisha (R.A.) alipanda ngamia mgumu, akawa anamrudisha huku na huku, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha awe mpole. Tazama, ndugu mwanafunzi: tatizo lilikuwa la mnyama, lakini nasaha alipewa mpandaji. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipanda punda, akampakia Muadh bin Jabal (R.A.) nyuma yake. Pia alikataza kumpiga mnyama usoni.

Basi kesho, kabla hujafunga madumu mgongoni, mpe punda wako maji anywe. Yeye ndiye atakayeyabeba ya kwenu.

Wabillahi Tawfiq.