Faiba Lubumbashi: imepita barabarani, lupangoni bado

Afisa mmoja wa mawasiliano anasema Lubumbashi "imeshafikiwa" na faiba. Kwa ramani yake hakosei. Nyaya zinaingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka mjini. Upande wa magharibi kuna njia ndefu ya Kinshasa na Muanda, ambako nchi iliunganishwa na kebo ya bahari ya WACS mwaka 2013. Kebo hiyo ilikatika Agosti 2023 kwenye korongo la bahari la mto Kongo, na tangu hapo muuzaji makini hapendi kuegemea upande mmoja.

Ila afisa huyo anahesabu mji. Mteja anahesabu lupango lake, yaani kiwanja chake.

Mwenye duka la fotokopi na kupiga chapa huko Katuba, mjini humo, analalamika kwamba waya unapita barabara kubwa, anauona kila asubuhi, lakini kila akiuliza anaambiwa asubiri. Mara ya kwanza aliombwa namba ya nyumba, naye, kama wengi wa mtaa wake, huelekeza watu kwa kanisa na kona. Baadaye fundi akaja, akatazama nguzo, akasema kisanduku kiko mbali. Jirani yake akauziwa kitu kinachoitwa faiba, kumbe ni antena juu ya bati inayopokea mawimbi kutoka jengo lenye faiba. Mvua ikija, anasema, faili ya mteja inalala njiani, na mwisho wa mwezi dola zinadaiwa zilezile.

Malalamiko yake yanagusa kiini cha biashara hii. Waya mkubwa huvutwa kwa ajili ya migodi, benki na minara ya simu, wateja wanaolipa kwa mkataba. Nyumba za watu huja baadaye, pale ambapo kampuni inaona malipo ya kutosha kwenye mtaa mmoja. Kisanduku cha nguzoni mara nyingi kina matundu 8 au 16 tu. Yakijaa, jirani ana faiba na wewe huna, ingawa ramani imewapaka nyote rangi moja.

Kwa hiyo ramani ya kampuni ni mwanzo tu wa maswali. Tuma mahali ulipo kwa simu badala ya jina la mtaa. Uliza kisanduku kiko nguzo ipi, tundu lipo, na waya utaingia nyumbani au utaishia kwenye antena. Fundi apime kwanza, pesa zifuate. Wauzaji wengine hukasirika wakiulizwa hivyo. Hiyo nayo ni habari.

Umeme ni kesi nyingine. Faiba nzima haimsaidii mtu ambaye kifaa chake kimezimika, kwa hiyo gharama ya betri iingie kwenye hesabu.

Tangu mwaka 2025 intaneti ya setilaiti ya Starlink imeruhusiwa nchini, na wafanyabiashara wawili watatu wanaona hiyo itazitikisa kampuni za waya. Huenda. Bei ya sahani si ya kila duka la Katuba, na kampuni ya waya inaweza vilevile kuamua kwamba mitaa ya pembeni sasa haina faida kabisa. Mwenye fotokopi ameambiwa tena asubiri. Hakupewa mwezi.