SMS Königsberg
SMS Königsberg ilikuwa manowari ya Ujerumani iliyokuwa na kituo chake Dar es Salaam mwaka 1914 na kuangamia katika delta ya mto Rufiji tarehe 11 Julai 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Herufi SMS ni kifupi cha Kijerumani chenye maana ya "Meli ya Mfalme Mtukufu". Wenyeji wa pwani waliiita "manowari na bomba tatu" kwa sababu ya dohani zake tatu. Maisha yake baharini yalikuwa mafupi, lakini mizinga yake iliendelea kupigana nchi kavu, ikikokotwa na watu.

Muundo

Königsberg ilijengwa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, kuanzia mwaka 1905, ikaanza kazi tarehe 6 Aprili 1907. Ilikuwa ya kwanza katika kundi la kruza nyepesi nne. Nyingine ziliitwa Nürnberg, Stuttgart na Stettin. Kruza nyepesi ni manowari ya ukubwa wa wastani, yenye mbio na mizinga ya kutosha kuwinda meli za biashara, lakini isiyoweza kukabiliana na manowari kubwa za vita.

Urefu wake ulikuwa mita 115 na uzito wake ukiwa imejaa ulifika karibu tani 3,800. Ilikuwa na mabaharia na maafisa zaidi ya 300. Silaha zake kuu zilikuwa mizinga 10 ya milimita 105, pamoja na mitambo miwili ya kurusha torpido chini ya maji. Injini zake mbili za mvuke ziliipa kasi ya takriban kilomita 45 kwa saa. Boila zake 11 zilikula makaa ya mawe, na hapo ndipo penye udhaifu wake mkubwa: ikikosa makaa haiendi popote, na karibu bandari zote za Bahari ya Hindi zenye makaa zilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Kutoka Dar es Salaam

Chini ya nahodha Max Looff meli iliwasili Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914. Ilitarajiwa kupamba maonyesho ya mwezi Agosti ya kusherehekea kukamilika kwa Reli ya Kati hadi Kigoma. Badala yake ikaja vita. Tarehe 31 Julai Looff aliondoka bandarini asije akafungiwa ndani, akakutana na kruza tatu za Uingereza zilizokuwa zikimsubiri nje, akazishinda kwa mbio.

Tarehe 6 Agosti, karibu na pwani ya Omani, aliikamata City of Winchester iliyobeba chai, meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kutekwa katika vita hiyo. Siku mbili baadaye manowari ya Kiingereza Astraea iliushambulia mnara wa redio wa Dar es Salaam. Wajerumani wenyewe walizamisha gati lao la kuelea katika mlango wa bandari ili adui asiingie. Kwa kitendo hicho Königsberg nayo ilifungiwa nje ya nyumba yake.

Looff akaamua kujificha katika delta ya Rufiji. Meli ya upimaji Möwe ilikuwa imeipima mikono ya mto huo kabla ya vita, hivyo Wajerumani walijua wapi maji yana kina cha kutosha, jambo ambalo ramani za Waingereza hazikuonyesha. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba alitoka ghafla na kuishambulia manowari Pegasus iliyokuwa Zanzibar kwa matengenezo. Mizinga ya Pegasus haikuweza kumfikia. Ilizama, na mabaharia wake zaidi ya 30 walikufa. Makaburi yao yako kwenye kisiwa cha Chapwani.

Rufiji

Baada ya ushindi huo injini iliharibika. Vipuri vililazimika kusafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, takriban kilomita 150, kisha kurudishwa vikokotwe tena hadi mtoni. Kazi hiyo ilifanywa na Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa popote. Meli ilipokuwa tayari kusafiri, Waingereza walikuwa wameshaigundua, tarehe 30 Oktoba, na kuziba njia.

Kwa miezi minane manowari moja iliyokwama katikati ya mikoko iliwashughulisha Waingereza, waliohitaji meli hizo kwingineko. Waliizamisha meli ya makaa Newbridge katika mkono mmoja wa mto, wakakodi ndege, wakakiteka kisiwa cha Mafia na kukifanya kituo chao. Ndani ya delta malaria ilikuwa ikiwapunguza Wajerumani polepole.

Hatimaye zililetwa manowari mbili fupi za kina kidogo, Severn na Mersey, zilizojengwa awali kwa ajili ya Brazil. Zingeweza kupanda mto mahali ambapo kruza zingekwama. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 lilishindwa. Tarehe 11 Julai ndege ilielekeza mizinga kutoka angani kwa redio, na hata ilipopigwa na kuanguka rubani na mwenzake waliendelea kutuma masahihisho hadi mwisho. Wote wawili waliokolewa. Königsberg iliwaka moto. Looff, aliyejeruhiwa, aliamuru ilipuliwe kwa torpido.

Baada ya kuzama

Wajerumani waliitoa mizinga yote 10 majini. Ilitengenezwa Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu na kupewa jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, pamoja na mabaharia waliobaki. Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen katika ziwa Tanganyika, ambayo leo inaitwa Liemba. Mingine ilikokotwa porini; mzinga mmoja uliweza kuhitaji mamia ya watu.

Waingereza walipoiteka Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, wapagazi wao wa kikosi cha Carrier Corps walipiga kambi mahali ambapo kwa sababu hiyo panaitwa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita hiyo walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la Kariakoo linatokana na wale wa upande wa Uingereza. Waliovuta mizinga ya Königsberg walikuwa upande wa pili, na hawana mtaa wenye jina lao.

Mwaka 1924 haki ya kuchukua vyuma vya mabaki ilinunuliwa na John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus. Kilichosalia kilizama taratibu katika matope ya Rufiji. Mizinga mitatu inaonekana hadi leo: Pretoria, Jinja, na Fort Jesus mjini Mombasa, ambako umewekwa pamoja na mzinga wa Pegasus.