Saa ya Pima Hamsini: ya Kale na ya Kisasa

Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki hupima kina cha maji kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Mabaharia wa Uingereza nao walikuwa na kipimo cha namna hiyo, ambacho ni sawa na mita 1.83. Katika mwaka wa 1953 kiwanda cha Blancpain cha Uswisi kilitoa saa ya wapiga mbizi iliyoitwa Fifty Fathoms, maana yake pima hamsini, au kiasi cha mita 91. Mkuu wa kiwanda, Jean-Jacques Fiechter, alikuwa mpiga mbizi mwenyewe, na alipata kuishiwa hewa chini ya bahari kwa kutojua muda uliopita. Saa hiyo ilitumiwa pia na kikosi cha wapiga mbizi wa jeshi la majini la Ufaransa.

Katika mwaka wa 2021 kiwanda hicho hicho kilitoa saa 500 zilizoiga sura ya saa zake za miaka ya 1960. Kwa macho, ya kale na ya kisasa zinafanana mno. Je, tofauti zao ziko wapi?

Kanieneo ya maji

Kila mita 10 za kina huongeza kanieneo ya kiasi cha kilo moja kwa kila sentimita mraba. Tuchukue kioo chenye kipenyo cha sentimita 3, ambacho eneo lake ni kama sentimita mraba 7. Kwenye pima hamsini kioo hicho hubebeshwa zaidi ya kilo 60, uzito wa mtu mzima. Saa ya mwaka 2021 imetengenezwa kustahimili mita 300. Huko mzigo huzidi kilo 200. Kioo chake ni cha yakuti samawi iliyotengenezwa kiwandani, ambayo haikwaruzwi kwa urahisi.

Lakini maji hayapiti kwenye kioo tu. Hutafuta njia kwenye kifuniko cha nyuma na kwenye kitufe cha kutilia ufunguo. Hapo huwekwa pete za mpira, na mpira huzeeka: hukauka, hupasuka, hupoteza mnyumbuko. Kwa hiyo saa ya kale ambayo pete zake hazijabadilishwa yaweza kuingia maji hata katika kina kidogo, ingawa jina lake bado lasema pima hamsini.

Pete ya dakika

Mpiga mbizi huelekeza alama ya pete ya nje kwenye mkono wa dakika anapozama, kisha husoma muda uliopita. Pete ikigeuka kwa bahati mbaya, atadhani hewa ingali nyingi kumbe imekwisha. Ndiyo maana katika saa za leo pete hugeuka upande mmoja tu. Ikisogea, huonyesha muda mrefu zaidi kuliko ule wa kweli, naye mzamiaji hutoka mapema. Kosa limeelekezwa upande wa usalama.

Mwanga wa gizani

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni rangi inayong'aa gizani. Saa za kwanza zilipakwa radiamu iliyochanganywa na salfidi ya zinki. Mionzi ya radiamu iliigonga salfidi, nayo ikatoa mwanga. Hatari yake ilijulikana tangu miaka ya 1920, wakati wanawake waliopaka nyuso za saa huko Marekani, wakichongoa brashi kwa midomo, walipougua mifupa na wengine kufa. Katika miaka ya 1960 Blancpain ilitoa saa zenye alama ya kutangaza kwamba hazina mionzi. Alama hiyo ndiyo iliyorudishwa mwaka 2021.

Rangi ya kisasa haina mionzi. Hunywa nuru ya mchana na kuitoa polepole gizani. Hata hivyo imetiwa rangi ya manjano iliyofifia, ili ifanane na radiamu iliyozeeka.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Saa ya radiamu iliyoacha kung'aa haijaacha kutoa mionzi. Kilichochakaa ni salfidi ya zinki. Nusu ya radiamu huchukua miaka 1,600 kutoweka; hivyo zaidi ya asilimia 95 ya ile ya mwaka 1953 ingali mle ndani. Kioo huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, lakini saa ikifunguliwa, vumbi la rangi laweza kuvutwa na kuingia mapafuni.

Kwa sababu hiyo, mwalimu akiletewa darasani saa ya zamani ya urithi ambayo namba zake zimegeuka kahawia, asiifungue wala kuruhusu wanafunzi kukwangua rangi yake. Aionyeshe ikiwa imefungwa, kisha aiweke mbali na watu. Giza la uso wake si ushahidi kwamba imekuwa salama.